Inveta ya nyumbani: chenjiova ipi ununue, na ipi uiache dukani

Wateja wengi wa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, huuliza wati tu. Itabeba friji? Taa ngapi? Ni maswali ya maana, lakini mimi kama fundi umeme huanza na jingine: umeme wa inveta utaingiaje kwenye nyaya za nyumba, na nini kitauzuia usikutane na wa TANESCO au Kenya Power? Kazi hiyo ni ya chenjiova, swichi inayochagua nyumba itumie umeme upi kati ya hiyo miwili. Inasikitisha kuona mtu amelipa fedha nyingi kwenye betri, halafu anabana kwenye kifaa hiki kinacholinda betri, inveta na roho za watu.

Namba moja kwangu ni chenjiova ya mkono, ya pole mbili (inakata laivu, waya wenye umeme, na nyutro, waya wa kurudishia, kwa pamoja), yenye nafasi tatu: I, 0 na II. I ni umeme wa gridi, II ni inveta, na kwenye 0 hakipiti kitu. Mkono wake ni mmoja, kwa hiyo pande mbili haziwezi kuwaka kwa pamoja hata anayeizungusha awe hajui lolote la umeme. Nyumba ya kawaida ya fezi moja inatosheka na ya ampea 63. Fezi tatu inataka ya pole nne.

Sisitiza pole mbili. Ya pole moja hukata laivu na kuacha nyutro za pande zote zimeungana. Hapo RCD, ile breka yenye kitufe cha T inayokata umeme ukivuja, huanza kukatika ovyo, kwa sababu umeme uliotoka njia moja unapata njia nyingine ya kurudi. Tena, inveta nyingi za bei nafuu hazina nyutro halisi: waya zake zote mbili zina volti ukizipima na ethi. Ukiunga mmoja wapo kwenye nyutro ya gridi unaweza kuunguza inveta siku hiyo hiyo.

Kabla hujalipa, iwe ni Kariakoo au Luthuli Avenue, omba itolewe kwenye boksi na uombe mita inayolia njia ikiwa imeunganika. Weka mkono kwenye 0, pima kila sehemu ya kuingilia na ya kutokea: mita isilie popote. Peleka I, zilie pole zote mbili za upande huo, na upande wa II ukae kimya. Kisha II, vivyo hivyo. Mkono ukae imara kila nafasi, usielee katikati. Skrubu za kubania waya ziwe nene na zisizunguke bure, maana waya uliolegea hupata moto na kuyeyusha plastiki. Soma na maandishi ya ubavuni: tafuta AC-22 au AC-23. Ikiandikwa AC-20 peke yake, iache. Hiyo haikuundwa kukata umeme wakati mzigo uko juu yake.

Namba mbili ni inveta yenye chaja na chenjiova ndani yake, ambazo wengi huziita haibridi. Umeme ukikatika hubadilisha kwa milisekunde 10 hadi 20 hivi, kompyuta haizimi. Kama unaanza kununua kila kitu upya na una kazi za ofisini nyumbani, hii inafaa sana. Naiweka ya pili kwa sababu mzigo wote hupita ndani yake hata gridi ikiwepo, na swichi yake ya ndani ina kikomo cha ampea kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Ikiharibika, unakaa gizani huku jirani ana umeme. Ukiinunua, ongeza chenjiova ndogo ya mkono ya kuipita pembeni, ili ikipelekwa kwa fundi nyumba iendelee kupata gridi.

Namba tatu ni chenjiova ya kujibadilisha yenyewe, ATS. Ina mahali pake: zahanati yenye friji ya chanjo, au nyumba ambayo hakuna mtu mchana. Kwa familia iliyopo nyumbani ni gharama ya ziada na ni kifaa kingine cha kuharibika. Ukiihitaji, hakikisha ina kizuizi cha chuma kinachozuia pande mbili kuwaka kwa pamoja. Zile za kontakta mbili (swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme) zinazotegemea waya tu kuzuiana, usizichukue. Kontakta moja ikigandiana, kinga imekwisha.

Waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kutoka inveta hadi soketi ya ukutani, siuwekei namba. Vyuma vya plagi vina volti 230 mkononi mwako. Ukisahau kuzima meni, umeme unaweza kurudi hadi kwenye transfoma na kupandishwa kuwa maelfu ya volti kwenye nguzo ambako fundi wa shirika anashughulikia hitilafu. Gridi ikirudi ghafla, inveta inaungua. Fundi akikupendekezea huo, tafuta mwingine.

Chaguo lolote utakalochukua, nunua na DB (boksi la breka) ndogo ya pekee kwa ajili ya inveta. Iwe na taa, friji, televisheni, ruta na soketi chache. Shawa ya umeme, pasi, birika na jiko vibaki kwenye DB kubwa ya gridi. Betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 200 ina kama Wh (wati-saa) 2400, na ya madini ya risasi (lead-acid) usiishushe chini ya nusu. Shawa ya kilowati 5 ingemaliza nusu hiyo kwa dakika 15 hivi, kama inveta ingeweza kuibeba.

Wenye magari ya safari yaliyofungwa inveta, yale yanayochomekwa umeme kambini, kanuni ni hizi hizi, ila pole mbili kwao ni lazima zaidi, kwa kuwa bodi lote ni chuma na ethi huja kupitia waya wa kambi tu. Ukichomoa waya huo, RCD haiwezi kulinda mtu mpaka nyutro na ethi ziungane upande wa inveta. Inveta nzuri huziunganisha zenyewe na kuziachanisha gridi ikirudi. Muulize muuzaji akuonyeshe ukurasa wa kitabu unaosema hivyo, na kama haupo, usiruhusu mtu aziunganishe kwa kubahatisha.