Manchester moja, matajiri wawili

Mwaka 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani iliinunua Manchester United kwa takriban pauni milioni 790. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa, na deni likabebeshwa klabu yenyewe. Ni kama ununue ng'ombe kwa mkopo, kisha umwambie alipe kwa maziwa yake. Baadhi ya mashabiki walisusa, wakaanzisha timu yao, FC United of Manchester. Baadaye wengine wakajaa uwanjani na skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la zamani la klabu. Vikombe vya kocha Alex Ferguson vilifunika mengi. Alipostaafu 2013, nyufa zikaonekana, na paa nalo: Mei 2024, baada ya mechi na Arsenal, maji ya mvua yalimwagika Old Trafford kama maporomoko.

Upande wa pili, Sheikh Mansour wa Abu Dhabi aliichukua Manchester City mwaka 2008 akiwa na fedha mkononi. Mshambuliaji Robinho akatua papo hapo kwa pauni milioni 32.5. Mwaka 2012 wakabeba ubingwa wa ligi, wa kwanza tangu 1968. 2023 wakazoa mataji matatu makubwa kwa msimu mmoja.

Kiuwanjani sioni ubishi: City walipata mnunuzi bora. Ila mwaka huohuo wa 2023 Ligi Kuu iliwafungulia mashtaka zaidi ya 100 ya kukiuka kanuni za fedha. Klabu inakana. Mashabiki wa United, wenye deni lao, hawachoki kuwakumbusha.