Uzoefu wangu na baa ya vishikio vya kutazamana kwa mwenye bega linalouma

Mtu akiniuliza kama baa hii, yaani fimbo ya chuma ya kunyanyulia uzito inayoshikwa viganja vikitazamana, inafaa kwa mwenye bega bovu, namrudishia swali: ukisukuma dambeli mbili, vile vyuma vifupi vya mkono mmoja mmoja, huku viganja vikitazamana, bega linatulia? Likitulia, baa hii itakufaa sana. Lisipotulia hata hapo, usitoe pesa zako kwanza.

Maumivu yangu yalikuwa mbele ya bega, tena chini tu, baa inapokaribia kugusa kifua nikiwa nimelala kwenye benchi nikisukuma uzito juu. Kwenye baa ya kawaida iliyonyooka viganja hufungwa vikitazama miguuni, na mikono ikikaa hivyo viwiko hupenda kutanuka. Kiwiko kikifika nyuzi 90 kutoka ubavuni, nafasi iliyo chini ya ncha ya kombe la bega hupungua, na humo ndimo zinamopita kano za misuli midogo inayokishika kichwa cha mfupa wa mkono kisiyumbe. Kuvirudisha viwiko hadi karibu nyuzi 45 na kusogeza mikono ndani kidogo ni dawa ya bure, na ningemshauri kila mtu aanzie hapo. Mimi ilinipunguzia, haikunimalizia.

Baa hii ina fremu katikati, na ndani ya fremu kuna jozi za vishikio, za karibu na za mbali. Yangu vimeinama kidogo badala ya kunyooka kabisa, na hilo nalipenda mno kwa sababu kifundo cha mkono kinakaa kilivyozoea. Ukishika, viwiko vinakuja karibu na mbavu vyenyewe, bila kukumbushwa. Seti ya kwanza yenye uzito wa maana nilishuka mpaka kifuani nikisubiri ule mchomo, haukuja. Nilifurahi kama mtoto.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Fremu huyumba mbele na nyuma mkononi, kwa hiyo uzito uliouzoea kwenye baa ya kawaida usiulazimishe. Trisepsi, misuli ya nyuma ya mkono wa juu, huchoka mapema, na kifua hupata kazi pungufu kidogo, hasa kwenye vishikio vya karibu. Baa ya kawaida ya mashindano ina kilo 20, lakini hizi hutofautiana sana kwa uzito, hivyo ipime kwenye mizani kabla ya kuandika hesabu zako. Halafu kuna zile ambazo fremu yake imepinda kama upinde juu ya kifua: zinakuruhusu kushuka zaidi ya kifua, na kwa bega lenye shida huko ndiko kusikotakiwa. Ziache.

Faida kubwa kuliko zote niliipata nilipoisukuma nikiwa nimelala sakafuni badala ya benchi. Ukisukumia sakafuni, mkono wa juu unagota chini kabla bega halijavutwa nyuma, basi ule mwisho wenye maumivu haupo kabisa. Natulia kidogo viwiko vikiwa chini, kisha nasukuma. Unahitaji tu stendi ya kuwekea baa inayoshuka chini sana au mtu wa kukupa baa, kwani kuiinua kutoka nyuma ya kichwa kutalitonesha bega lile lile. Siku ninazotaka benchi naweka taulo nene lililokunjwa juu ya kifua, nalo linapunguza kina.

Bado sijaacha pushapu. Benchi huyakandamiza makombe ya bega yasitembee, wakati kwenye pushapu yanazunguka mbavu kwa uhuru, na bega langu linapenda hivyo. Dipsi, zile za kujishusha na kujipandisha kati ya vyuma viwili sambamba, nimeziweka kando, zinaupeleka mkono nyuma mno.

Kuna jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote. Bega likikuamsha usiku, mkono ukikosa nguvu ya kuinuka, au vidole vikifa ganzi, hayo si mambo ya kubadilisha baa. Nenda kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Kama unazo dambeli nzito za kutosha, huhitaji kuinunua, zitafanya karibu kazi yote hiyo. Mimi zangu ziliishia uzito mdogo, na kuzipandisha nzito mpaka kifuani peke yangu kulikuwa kunaliumiza bega kabla hata ya kuanza kusukuma. Ukiamua kununua, pima kwanza upana wa stendi yako, kwa kuwa baa nyingine fremu yake ni pana au mikono yake ya pembeni ni mifupi, na haziketi vizuri kwenye kulabu.