Jezi ya Ujerumani Magharibi 1990 kwenye mitumba: ya enzi zile au ya marudio?

Habari zenu wadau, karibuni. Leo mezani ipo jezi nyeupe yenye michirizi ya nyeusi, nyekundu na njano kifuani, imetoka mitumba ya Mwanjelwa, soko letu la Mbeya. Muuzaji anaiita ya Kombe la Dunia 1990. Hajakosea sana: jezi hii ilivaliwa Euro 1988, ikafika mpaka fainali ya Roma, tarehe 8 Julai 1990, penalti ya Andreas Brehme ilipoizamisha Argentina 1-0.

Tazameni mgongoni. Namba 10, na juu yake MATTHÄUS. Namba ni yake kweli, ila jina hapana! Majina mgongoni yaliingia Euro 1992, kwa hiyo hili limebandikwa baadaye. Usilibandue kwa pasi, utaunguza kitambaa. Wewe kata bei tu.

Kwenye nembo ya shirikisho, ukikuta nyota tatu juu ya tai, rudisha. Ubingwa wa tatu ndio huohuo wa 1990, nyota yake wangeivaaje kabla ya fainali kuchezwa? Hii haina nyota, safi.

Sasa igeuze ndani, maana ukweli uko huku. adidas wameshatoa matoleo ya marudio, nayo yana nembo ileile ya majani matatu, kwa hiyo usiitegemee. Tafuta lebo ya kufulia. Ikiwa na namba ya bidhaa, iandike intaneti uone inaleta toleo gani. Lebo nyeupe pee kwenye jezi iliyochakaa itilie shaka: angalia kama pembeni yake kuna matundu ya sindano yasiyo na uzi. Hapo pameshonwa mara mbili. Ya kwetu imefifia sawa na kitambaa, na uzi ni mmoja. Jezi ni ya enzi zile, jina ndilo la juzi.

Kufua: igeuze ndani nje, maji baridi, ianike kivulini. Kwa mvua zetu za Mbeya usiifunge kwenye nailoni, itapata kuvu. Ikunje ndani ya shuka la pamba. Vidonge vya nondo vya nini? Nondo hali poliesta, utabaki na harufu tu.

Mwenye jezi ya Tukuyu Stars ya 1986, ule mwaka Banyambala walipobeba ubingwa wa Bara, aandike hapo chini. Hiyo itaruka foleni.