Kifurushi cha car na uchaguzi wa kipeo kwa data zilizopinda

Yeyote aliyewahi kuchambua kodi za nyumba za Nairobi anaijua sura ya data hizo: kodi nyingi husongamana upande wa chini, kama zile za Kayole na Githurai, kisha mkia mrefu hunyooka kuelekea Runda na Muthaiga. Nyumba chache za bei ghali huuvuta wastani, na masalio ya rigresheni, yaani tofauti kati ya kodi halisi na zile zinazokadiriwa na modeli, hukosa sura ya mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele. Kwa kazi ya kuzibadilisha data kama hizo ili zipungue kupinda, ninakipendekeza kwa dhati kifurushi cha car cha programu ya takwimu ya R, kazi ya John Fox na Sanford Weisberg, ambacho hakilipiwi na ambacho kikishapakuliwa hakihitaji intaneti.

Amri ya powerTransform hukadiria kipeo ambacho kila thamani itapandishwa kwacho, yaani lamda, kwa mbinu ambayo Box na Cox waliichapisha mwaka wa 1964. Lamda ikiwa 1, data hubaki zilivyo, 0.5 ni kipeuo cha pili, na 0 ni logi (logariti). Ubora wake hasa umo katika muhtasari, kwa kuwa mbali na kadirio lenyewe unaonyesha mipaka ya uhakika wa asilimia 95, yaani eneo ambamo lamda ya kweli inakadiriwa kuwamo, pamoja na kipeo rahisi, kama 0, 0.5 au 1, kilichomo ndani ya mipaka hiyo. Tuseme kadirio ni 0.08, na mipaka ni kuanzia -0.05 hadi 0.21: programu itapendekeza 0, na mchambuzi atatumia logi, ambayo mteja anaweza kuelezwa akaelewa, badala ya kung'ang'ania 0.08. Iwapo 1 imo ndani ya mipaka, hiyo ndiyo hupendekezwa kwanza, maana yake data zisiguswe bila sababu. Huo ni uangalifu ninaouthamini sana.

Michoro nayo haipaswi kurukwa. Amri ya boxCox huchora mkunjo wa uwezekano kwa kila lamda, na mkunjo mpana huonya kwamba data hazina msimamo kuhusu kipeo kimoja. Kisha qqPlot hupanga thamani zilizobadilishwa kandokando ya mstari, ikizungushia ukanda wa uhakika na kuzitaja kwa namba nukta mbili zilizokithiri, hivyo jumba la Muthaiga lililoingizwa pamoja na vyumba vya kupanga huonekana mara moja.

Upungufu wake ni kwamba muhtasari umejaa vifupisho vya Kiingereza vinavyomtatiza mwanafunzi anayeanza, na kazi ya kurudisha matokeo katika shilingi anaachiwa mtumiaji. Wastani wa logi ukirudishwa hauwi wastani wa kodi, bali wastani wa kijiometri, ambao ni mdogo zaidi, na ripoti inapaswa kusema hivyo waziwazi. Aidha, mbinu ya Box na Cox hukataa sifuri, kwa hiyo penye wakaazi wasiolipa kodi, chagua yjPower, ambayo hupokea sifuri na hata thamani hasi.