Geko mgeni: tangi la kioo au boksi la plastiki?
Kwa geko chui, yule mjusi wa kufugwa wa nyika kavu za Pakistan na Afghanistan, boksi la plastiki linashinda kwa bei. Toboa matundu kwa msumari wa moto, tandika karatasi, weka maficho mawili na kisosi cha maji. Kuliosha ni bombani tu. Ila taa ya joto huikunja plastiki. Tumia mkeka wa joto wa umeme wenye thamostati, yaani kidhibiti joto. Kioo ni kizito, hupoteza joto haraka, lakini kinastahimili taa, na usiku unamwona akinyatia nyenje. Kote kuwili, upande mmoja nyuzi 32, wa pili 25. Unahamahama vyumba vya kupanga? Plastiki. Watoto wanataka kutazama? Kioo, juu ya meza imara.