Camry, Mark X na yule kijana wa yadi

Mwezi uliopita, au huenda ni ule uliotangulia, niliingia katika yadi moja ya magari hapa Mombasa nikiwa na swali moja tu, nikatoka nimeulizwa mume wangu yuko wapi. Nalisema hili mapema ili anayesoma ajue kwamba maneno yangu kuhusu Toyota Camry na Toyota Mark X yametoka kwa mtu mwenye hasira, na ayapime hivyo.

Swali lenyewe ni hili. Nakaa Likoni na kazi yangu iko kisiwani, kwa hivyo siku tano za wiki navuka feri asubuhi na jioni, katika foleni ambayo gari hutambaa hatua chache, likasimama, likatambaa tena. Kisha kila mwisho wa mwezi nampelekea mama mahitaji yake Voi, na siku hiyo feri siioni kabisa: nashika barabara ya Dongo Kundu, natokea barabara kuu ya Nairobi, na kuanzia Mariakani ni mimi na matrela. Ni safari mbili zisizofanana hata kidogo, nami nina pesa za gari moja: je, ninunue Camry au Mark X? Yote mawili nilikuwa nimeshayaendesha, kwani binamu yangu ana Mark X, na jirani yangu, Mungu amzidishie, huniazima Camry yake ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri yake kubwa.

Pale yadi nilimwomba kijana anayeuza jambo dogo. Nilitaka Camry iwashwe, kiyoyozi kifunguliwe, tukae ndani robo saa bila kwenda popote. Huo haukuwa utani. Katika gari hilo kiyoyozi huendeshwa kwa umeme wa ile betri kubwa, hivyo injini inaweza kuzima na baridi ikaendelea. Betri ikipungua ndipo injini huamka kuijaza. Ikiwa betri imechoka huko Japani ilikotumika, injini itaamka kila mara, na ule ubora ninaoutafuta kwa ajili ya foleni ya feri hautakuwapo. Robo saa ya kukaa kimya ingenieleza mengi kuliko maelezo yake yote.

Kijana yule alinisikiliza akimtazama mtoto wa kaka yangu, niliyekuja naye, ambaye hajawahi kushika usukani isipokuwa ule wa michezo ya simu. Akamwambia, "Mwambie shangazi yako hii gari si ya kukaliwa, ni ya kununuliwa." Mimi nimesimama pale pale! Nilipomkumbusha kwamba mnunuzi ni mimi, akajibu kwa upole ambao uliniudhi kuliko matusi, "Sawa mama, mzee akija tutaongea vizuri." Kisha akamshika mtoto mkono, akampeleka penye Mark X, akamfungulia boneti, na nikamsikia akisema kwamba hiyo ndiyo gari ya mwanamume.

Jioni ile niliamua kwamba Mark X ni gari la watu wa majivuno, lililokaa chini mno kwa mteremko wa feri, linalokunywa petroli foleni nzima bila kusogea, na kwamba sitaki kuliona. Hata binamu yangu nilimnunia, naye hana kosa.

Hata hivyo, haki ni haki. Kati ya Taru na Maungu, unapotaka kuyapita matrela mawili yaliyofuatana na kwa mbali unaona la tatu likija, Mark X yenye silinda zake sita, ikisukumwa na magurudumu ya nyuma, humaliza kazi kabla hujaanza kujuta. Camry nayo hupita, lakini injini hupaza sauti kwanza na mwendo hufuata baadaye, na katika nafasi hiyo mimi husoma dua. Na jambo jingine ambalo kijana yule alilisema, nami linaniuma kulikubali, ni la kweli: Toyota iliacha kuunda Mark X mwaka 2019, na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8, dirisha lake linafungwa.

Nikapiga hesabu. Siku za feri ni kama ishirini kwa mwezi, za Voi ni mbili. Basi ni Camry, nami nimeshaipata yadi nyingine ambako mzee mmoja aliniambia tu, "Karibu bibi, keti, washa," akaniachia ufunguo na kwenda kuswali. Robo saa yote injini iliamka mara moja. Nitainunua hiyo, nadhani.

Ila ile Mark X nyeupe bado iko pale pale kwa yule kijana, na kila nikipita naiona. Juzi nimemtuma binamu yangu akaulize bei yake ya mwisho, na nimemwonya asitaje ametumwa na nani.