Nyama choma kutoka Tabora mpaka Kigoma

Jamani kama una gari na familia piga hii njia, Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza mpaka Kigoma, sisi tulikuwa na watoto na mama mkwe na kila tulipoona moshi tunasimama. Tabora mjini mbuzi ni balaa, mbavu zimechomwa taratibu kwenye mkaa, chumvi na ndimu basi, nje imekauka ndani ina maji yake, kachumbari inakatwa ukiwa unaona, ndizi choma pembeni, watoto walikula wakanyamaza kabisa. Njiani kuna kibanda kimoja walitupa nyama ngumu maana waliharakisha moto, mama mkwe aliiacha, hapo sirudi. Ila sasa Kigoma!! Pale sahau mbuzi kidogo, agiza migebuka ya kuchoma, imetoka Ziwa Tanganyika ikiwa fresh, ngozi inapasuka, unaipata na ugali wa muhogo na pilipili, yaani nilitamani tulale palepale. Huduma inachelewa, agizeni mapema, halafu bei mpatane kabla nyama haijapanda jikoni. Watoto wanauliza tunarudi lini, mi nasema Desemba.